Sindano Nilizokosa kwa Kumkimbia Mama Mkwe

Kama umeambiwa una kifua kikuu, ukapewa dawa za miezi mingi, na tayari umeanza kutafuta sababu ya kutorudi kliniki wiki ijayo, basi ni wewe ninayekuandikia. Sijui sababu yako ni ipi. Labda ni kazi, labda ni umbali, labda ni majirani wanaonyamaza kila ukikohoa. Yangu ilikuwa mama mkwe. Usicheke bado.

Sasa mimi ni mzee. Nina sikio moja linalosikia, na mapafu mawili yanayojitahidi. Wajukuu wangu hapa Funyula hawaamini kwamba babu yao, mtu aliyesoma mpaka sekondari, alikaribia kufa kwa sababu ya adabu. Nitaeleza ilivyokuwa, na pale nilipokuwa mjinga nitasema wazi kwamba nilikuwa mjinga.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya uhuru. Nilikuwa karani katika ghala la pamba. Msimu wa kununua ulipofika, vumbi la pamba lilijaa ghalani kama ukungu na sote tulikohoa, kuanzia wapagazi mpaka mwenye mizani. Kwa hiyo nilipoanza kukohoa sikushtuka. Pamba ikaisha, ghala likafagiwa, wenzangu wakaacha kukohoa. Mimi nikaendelea. Nilisema ni vumbi lililobaki kifuani. Mke wangu Amoit ni Mteso wa upande wa Kocholia, na hana subira na upuuzi. Aliniuliza ni vumbi gani hilo linalokaa ndani ya mtu mpaka wimbi linavunwa.

Suruali zikaanza kunivuka. Nikalala nikiamka nimelowa jasho kama mtu aliyevuliwa mtoni. Siku niliyotema damu nilikwenda nyuma ya nyumba, nikaifukia kwa mguu kama paka. Nilipogeuka, Amoit alikuwa amesimama pale na jembe begani.

"Umefukia nini?"

"Mate tu."

"Mate ya nani? Ya ng'ombe aliyechinjwa?"

Hospitalini Busia walinipima wakasema ni kifua kikuu na wakataka kunilaza. Nikakataa. Baba yangu mdogo aliingia wodi ya namna hiyo akatoka amefungwa shuka, na mimi nilidhani shuka ndiyo iliyomuua. Hapo ndipo kaka yake Amoit, Etyang, alipotuma neno. Alikuwa akifanya kazi ya reli Nairobi, na watu wa reli walibeba habari kutoka Malaba mpaka Nairobi vizuri kuliko posta. Alisema kuna kliniki huko ambapo mgonjwa anachomwa sindano asubuhi halafu anakwenda zake. Amoit akanisindikiza kituoni Malaba na kikapu cha njugu. Hakulia. Aliniambia, "Hicho kifua ukiache hukohuko."

Etyang alikaa chumba kimoja cha wafanyakazi wa reli, chenye kitanda kimoja. Alikuwa zamu ya usiku, kwa hiyo mimi nililala usiku na yeye mchana. Asubuhi tulipishana mlangoni, kitanda kingali na joto, kama watu wanaopokezana lindo. Nilikwenda kliniki, nikakaa kwenye benchi refu la ukutani. Mmoja akiitwa, sote tulisogeza makalio hatua moja mbele, kama shanga kwenye uzi. Sindano ilichomwa nyuma ya pazia. Pazia lenyewe lilikuwa fupi. Waliokaa benchini waliona miguu yako tangu magotini kushuka chini, na suruali yako imekunjamana juu ya viatu. Baada ya wiki chache makalio yangu yalikuwa na vinundu kama gunia la viazi, na sikio la kushoto likaanza kulia kama nyenje. Halafu kulikuwa na ule unga mchungu wa kumeza, uliofanya hata chai iwe na ladha ya kutu.

Sista wa pale alikuwa mwanamke mnene asiye na utani. Siku ya kwanza aliniambia mambo mawili. La kwanza, nikae mahali penye hewa safi, nipumzike, nile vizuri. La pili alilisema akinishika kidevu kama mtoto: "Ukiruka sindano, ugonjwa utaizoea dawa. Ukiizoea, mimi sina dawa nyingine. Umesikia, karani?" Nilisikia. Sikio lilikuwa bado zima.

Hewa safi nikaipata katika bustani kubwa ya umma. Kabla ya uhuru mtu kama mimi angegusa benchi la bustani ile kama tu angekuwa amelibeba au akilitengeneza. Sasa nilikaa. Wiki ya kwanza nilikaa ukingoni kabisa, tayari kuinuka. Wiki ya pili nikaegemea. Wiki ya tatu nikanyoosha miguu na kuvua kofia, nikawatazama watu. Kulikuwa na familia za Wahindi zilizotandika mashuka na kufungua masufuria, na wapenzi waliojidhania hawaonekani. Kulikuwa na miti mikubwa yenye kivuli cha baridi. Na kulikuwa na tumbili, kundi zima, waliojua kufungua kikapu chochote kilichosukwa na binadamu. Nilipata uzito kidogo. Kikohozi kikapungua. Nikaanza kuwaza pamba.

Siku moja tulipokuwa tukipishana mlangoni Etyang akasema, "Shemeji, Mama anakuja."

"Mama nani?"

"Mama nani? Mama yangu. Naye anakohoa. Anafika na gari la kesho."

Hapa inabidi nieleze, maana vijana wa siku hizi hupiga picha na mama wakwe zao. Kwa Wateso, na kwetu Wasamia pia, mwanamume na mama wa mkewe hawatazamani. Hawapeani mikono, hawali pamoja, hawalali chini ya paa moja, hawatajani majina. Wakikutana njiani mmoja anaingia kichakani mpaka mwenzake apite. Kama kuna jambo la kusema, linapitia kwa mtu wa tatu. Si chuki hata kidogo. Ni heshima, na kadiri unavyomheshimu ndivyo unavyoingia ndani zaidi ya kichaka. Tangu nimwoe Amoit nilikuwa nimemwona mama yake mara chache, na kila mara nilichoona ni mgongo na leso. Nyumbani jambo hilo halikuwa na taabu. Vichaka ni vingi.

Nilihama siku hiyohiyo. Nikatoa shuka langu kitandani, nikageuza godoro, nikaenda kulala sakafuni kwa Msamia mwenzangu aliyekuwa mpishi katika nyumba ya Mhindi. Nilijiona nimemaliza kazi. Haikunijia kabisa akilini kwamba mtu aliyekuja Nairobi kutibiwa kifua angepelekwa kliniki ya kifua.

Asubuhi ya pili nilikuwa benchini, nimefumba macho, nikisogea kila jirani yangu wa mbele alipoinuka. Tulisogea hivyo muda mrefu, bega kwa bega na mama mmoja aliyejitanda leso hadi puani. Alikohoa, nami nikakohoa. Nilimwambia pole, akanijibu asante. Kisha sista akaita jina. Jina hilo sitaliandika hapa, na mpaka leo sijawahi kulitamka. Yule mama akainuka.

Sikumbuki nilivyotoka. Nakumbuka mlango wa wafanyakazi, ndoo ya maji niliyoipiga teke, na barabara. Nilikimbia kama mtu mwenye mapafu mazima, halafu nikakaa chini kwenye mtaro nikitafuta pumzi.

Ujinga wangu unaanzia hapo. Ningeweza kumwambia sista. Lakini nilikuwa mtu wa sekondari, mwenye kalamu mfukoni, na niliona aibu kumwambia mwanamke aliyesoma kwamba namwogopa mama mkwe. Na ningeweza kukaa tu benchini nichomwe. Lakini niliona aibu zaidi watu wa Kocholia wakisikia kwamba nimevua suruali mama mkwe akiwa upande wa pili wa pazia fupi. Basi nikabanwa kati ya aibu mbili, nikachagua kutoenda. Kesho yake nilichungulia getini, nikaona leso ya rangi ileile, nikarudi mbio. Siku iliyofuata nikaona leso nyingine. Wanawake wote wa upande wetu walinunua leso kwa Waislamu walewale wa Busia mjini, kwa hiyo Nairobi nzima ilikuwa imejaa mama mkwe wangu.

Etyang aliponiuliza nilimwambia nachomwa kila siku. Hata nilichechemea kidogo ili aamini.

Nikabaki na bustani. Lakini siku ya kumwandikisha mama mkwe sista alikuwa amemwambia naye maneno yaleyale ya hewa safi, na mwanawe alilala chumbani mchana. Siku moja nikaona leso inakuja polepole chini ya miti, na mara hii ilikuwa yenyewe. Nikaingia nyuma ya mti. Naye akaniona, akaingia nyuma ya mti. Ulikuwa mti uleule. Ulikuwa mti mnene, ashukuriwe Mungu, lakini kila mmoja alikuwa akisikiliza mwenzake yuko upande gani ili aende upande mwingine, na kwa kuwa sikio langu moja lilikuwa likilia kama nyenje, nilikosea mara kwa mara. Nikienda kulia, nasikia nyayo. Nikirudi kushoto, nyayo. Tulizunguka mti ule kama ng'ombe wa kupura wimbi.

Mfanyakazi wa bustani, Mkamba mmoja aitwaye Mutiso, alikuwa akikata nyasi karibu. Akaweka chini chombo chake, akaja akanishika ukosi.

"Wewe karani, unawinda huyu mama kwa nini?"

"Simwindi. Ninamkimbia."

"Unamkimbia na mnazunguka mti mmoja?"

"Ni mama mkwe."

"Alikufanya nini?"

"Hajanifanya kitu."

"Wewe ulimfanya nini?"

"Sijamfanya kitu."

"Sasa mnakimbizana ya nini?"

Nilitaka kumjibu, nikakohoa. Kikohozi kilikuwa kimerudi siku hizo, na kilirudi na wenzake. Kilipoisha, kitambaa changu kilikuwa na damu mbichi. Mutiso akaniachia ukosi. Ndipo upande wa pili wa mti nao ukakohoa, kikohozi kirefu kama changu.

Mutiso akautazama mti, akanitazama mimi. "Hata mti unakohoa," akasema. Akachukua chombo chake akaenda kukata nyasi za mbali kabisa.

Nikabaki nimeegemea mti, nikitazama kitambaa. Kusema kweli niliogopa. Nilijua damu ile ina maana gani, na nilikumbuka kidevu changu mkononi mwa sista. Mbele yetu, juu ya pipa la takataka, tumbili mmoja mkubwa alikuwa amekaa akila gunzi la mahindi.

"Wewe nyani," ikasema sauti nyuma ya mti ikimwita tumbili yule. Ilikuwa sauti ya chini, yenye kukwaruza. Kwa miaka yote ya ndoa yangu sikuwa nimeisikia, ila ile asante ya benchini. "Nyani, unasikia? Kuna mtu iko hapa karibu. Mimi sitaji. Uliza yeye kama anachomwa sindano."

Tumbili akageuza gunzi. "Nyani," nikasema, "mwambie mama kwamba nimekosa kidogo."

"Nyani, uliza kidogo ni gani."

"Mwambie tangu mama alipofika."

Nikasikia akishusha pumzi. "Basi nyani, ambia yeye mimi pia."

"Mama pia nini?" niliropoka, kisha nikajirekebisha. "Nyani, muulize mama pia nini."

"Mimi pia sijachomwa. Siku ile sista aliita mimi, nikaona kofia yake inatoka kwa mlango ya nyuma, nikajua ni yeye, mimi nikatoka kwa mlango ya mbele. Kila siku nikienda naona mwanaume na kofia, narudi."

Hebu fikiria. Sista yule alibaki na benchi, pazia na sindano mbili mkononi, na wagonjwa wake wawili wanakimbia kila mmoja na mlango wake. Nilianza kucheka, nikashindwa, kwa sababu nilijua mimi ndiye niliyekimbia kwanza. Mimi nilikuwa mwenyeji. Mimi nilijua mji. Mama wa watu alikuwa ametoka Kocholia kuja kupona, na mimi nikamfungia njia kwa kofia.

"Nyani," akaendelea, na sasa sauti ilikuwa kali, "ambia huyo mtu hivi. Mtoto yangu Amoit iko nyumbani na watoto. Akizika bwana yake na mama yake msimu moja, nani atamsaidia kulima? Na watu wakiuliza hawa walikufa na nini, atajibu nini? Atasema heshima?"

Nilivua kofia nikaificha nyuma ya mgongo.

"Kesho saa mbili. Yeye akae mwisho ya benchi, aangalie ukuta. Mimi nitakaa mwanzo, niangalie mlango. Akiitwa kwa pazia, nitafunika macho. Nyani, uliza kama amesikia."

"Mwambie mama nimesikia na nimekubali."

Tumbili akatupa gunzi, akapanda mti. Tukawa hatuna mkalimani, kila mmoja akaondoka na njia yake.

Kesho yake sista alitukuta mmoja huku na mwingine kule, kama watu waliogombana. Akasimama katikati, mikono kiunoni. "Mlikuwa wapi?"

"Bustanini," tukajibu pamoja.

"Nyinyi mnajuana?"

"Hapana," tukasema, pamoja tena.

Alitutukana kwa utaratibu, bila kuinua sauti, kisha akatuchoma. Mwishowe nadhani Etyang alimweleza, kwa sababu wiki iliyofuata pazia lilikuwa limeshonewa kipande cha shuka chini, likafika sakafuni. Katika ugonjwa ule wote nilipewa vitu vingi, lakini kipande kile cha shuka nakikumbuka kuliko dawa.

Tukaendelea hivyo, sindano asubuhi, bustani mchana. Yeye alikaa benchi la upande mmoja wa mti, mimi upande wa pili, na tumbili walikuwa wengi kwa hiyo hatukukosa wa kutumwa. Alinisimulia utoto wa Amoit kwa njia ya tumbili. Nilimweleza habari za vitabu nilivyosoma shuleni, akamwambia tumbili aniulize kama katika vitabu hivyo hakukuwa na hata kimoja cha akili. Alipika viazi vitamu na njugu, akaviacha kwenye benchi langu, akasema, "Hii ni chakula ya nyani," kisha akageuka kando kwa adabu. Ilinibidi nikimbie, kwa sababu tumbili waliamini ni chao. Sikio langu la kushoto lilizidi kufa. Mama akisema jambo nisilisikie, alipaza sauti: "Nyani, rudia. Hiyo sikio ya leo ni mbaya." Wapita njia walidhani ni vichaa wawili waliotoroka hospitali moja.

Mvua zikaja zikaenda. Watu wa reli walileta habari kutoka Malaba: Amoit analima kwake asubuhi na kwa mama yake jioni. Ghala la mama la wimbi limeezuka, panya wameingia. Watoto wanauliza baba atarudi lini. Kila habari ilipofika, mimi nilihesabu zile siku nilizokimbia leso.

Mwisho wa mwaka tukapigwa eksirei. Daktari alishika picha zetu dirishani. Ya mama ilikuwa safi. Ugonjwa wake ulikuwa bado mchanga. Ya kwangu ilikuwa na kivuli juu kulia. Daktari akauliza kama kuna wakati niliruka sindano, na sista akanitazama. Nikasema ndiyo. Akasema basi kazi haijaisha, na hakuweza kuniahidi itaisha. Tuendelee mpaka mvua za masika, tuone.

Bustanini nilimtafuta tumbili mwenye sura ya upole. "Mwambie mama amepona," nikasema. "Mwambie aende nyumbani apande, Amoit amechoka. Mwambie kosa ni langu na nitalibeba mwenyewe."

Benchi lake likalia kama la mtu anayejiketisha vizuri.

"Nyani," akasema, "ambia yeye mimi siendi popote. Nikiacha huyu hapa peke yake, ataona leso ingine akimbie."

Akabaki. Mama mzima wa afya, shamba lake linaota magugu, alikuja benchi lile la kliniki kila asubuhi, akakaa mwanzo, akatazama mlango, mpaka mimi nimechomwa. Sista alimwambia nafasi ni ya wagonjwa. Akamjibu kwamba yeye ana mgonjwa wake pale. Msimu ule hakuvuna hata debe. Nimeishi miaka mingi baada ya hapo, nimenunua ng'ombe na kusomesha watoto, na sijapata njia ya kulipa msimu ule. Ndiyo maana nakuambia wewe unayetafuta sababu. Sindano unayoiruka, kuna mtu mwingine anailipia na shamba lake.

Mvua za masika zilipokaribia tukapigwa picha tena. Nilisubiri ukutani. Daktari alipandisha picha dirishani, akaishusha, akaipandisha tena. "Safi," akasema.

Nilitoka chumbani bila kofia. Yeye alikuwa mwanzo wa benchi, na sista amesimama kando yake. Nilisahau mti, nilisahau tumbili, nilisahau Kocholia nzima. Nilisimama mbele yake nikamtazama usoni. Nilikuwa sijawahi kuuona uso huo. Ni wa Amoit, ila umezeeka.

"Mama," nikasema, "nimepona."

Akajifunika leso haraka hadi machoni na kugeukia upande wa sista. Mabega yalikuwa yakimtikisika, na mpaka leo sijui alikuwa akicheka au akilia.

"Sista," akasema kutoka ndani ya leso, "ambia huyo mtu nimesikia. Na ambia yeye gari ya Malaba inatoka leo jioni. Nilifunga mizigo tangu jana."